Taya la Kambare Chini ya Mkeka

Saa kumi na moja alfajiri lori la kiwanda cha korosho linapiga honi mara mbili kwenye njia panda ya Dabbalapeta, kijiji cha wafumaji katika wilaya ya Srikakulam. Milango inafunguliwa. Wanawake wanatoka wakijitanda ncha za sari kichwani, vyombo vya chakula mkononi, wanavutana kupanda nyuma ya lori. Nyumba ya tatu kutoka kisimani haitoi mtu. Taa inawaka ndani, ila feni imezimwa, ingawa joto la Chaitra, mwezi wa kwanza wa mwaka wa huku, limeshaanza kuuma.

Feni imezimwa kwa sababu ya pamba. Sanyasamma Boddu, mwanamke wa miaka hamsini na minne, ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, anachana. Mkono wa kushoto umeshika fumba la pamba ambayo bado ina mbegu zake. Wa kulia umeshika taya la samaki.

Analipitisha polepole, tena na tena. Vipande vya majani makavu na vumbi la shamba vinanasa kwenye meno. Nyuzi zinabaki zimelala upande mmoja, kama nywele za mtoto aliyepakwa mafuta na mama yake kabla ya kwenda kwenye sherehe.

"Upepo ukiingia sasa hivi, kazi yangu nitaiokota darini," anasema bila kuinua macho.

Taya hilo ni la kambare mkubwa wa mtoni, ambaye huku anaitwa valuga. Meno yake ni madogo na mengi, yamepinda kidogo kuelekea ndani. Sanyasamma amelitumia tangu mwanawe hajaoa, na limepata rangi ya chai. Kila mwanamke anayesokota uzi kijijini ana lake. Hawaazimani, kama watu wasivyoazimana mswaki.

Taya hilo ndilo lililoitikisa Dabbalapeta majira ya baridi yaliyopita, na wapo watu ambao mpaka leo hawajamsamehe mwenyewe.

Alijifunza kazi hii kwa mama yake, akaiendeleza kwa mama mkwe wake, na hajui kazi nyingine ya kumlipa. Pamba ikishachanwa huiweka juu ya kibao, akapitisha fimbo nyembamba ya chuma ili mbegu ziruke nje. Kisha huipiga kwa upinde mpaka ivimbe kama povu, huikunja kuwa vibomba laini na kuvihifadhi ndani ya ganda kavu la mgomba, visipate jasho la mkono. Mwisho ni gurudumu. Hulizungusha kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukivuta uzi kwenda juu mpaka nyuma ya sikio.

Uzi unaotoka ni mwembamba kiasi kwamba ukianguka sakafuni hauonekani mpaka uguswe. Wafumaji wa kijijini hufumia sari, na dhoti, shuka nyeupe za kiume, ambazo wazee wa wilaya hii huvaa kwenye harusi za wajukuu zao.

Pamba yenyewe hupandwa vilimani kwa kutegemea mvua. Haipigwi dawa, kwa sababu mavuno yake ni machache na hakuna mkulima atakayetoa fedha ya dawa kwa mmea mdogo namna ile. Kutoka shambani mpaka nguo ikunjwe, umeme unaotumika ni wa taa tu.

"Watu wa mjini huniambia naitunza dunia," Sanyasamma anasema. "Mimi nilidhani nasokota uzi."

Siku nzuri ya kusokota humpatia rupia mia moja na hamsini hivi. Kubangua korosho hulipa karibu mara mbili ya hiyo. Hesabu hiyo kila mtu kijijini anaijua, hata watoto, na ndiyo maana lori la alfajiri hujaa.

Kuna jambo jingine ambalo wanalijua pia. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua. Mikono hupakwa majivu, hupakwa mafuta ya mbarika, lakini baada ya msimu mmoja ngozi ya vidole huwa imeshakwenda. Ankamma, mdogo wake Sanyasamma, alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Wafumaji walikuwa wakigombea uzi wake. Akaenda kiwandani ili amsomeshe binti. Binti alisoma, sasa ni muuguzi. Ankamma aliporudi kwenye gurudumu uzi ulikuwa ukinasa kwenye ncha za vidole vyake na kukatika, unanasa na kukatika, mpaka siku moja akalifunika gurudumu kwa gunia.

"Hajuti," Sanyasamma anasema. "Lakini huwa hapiti hapa mlangoni nikiwa nasokota. Anapitia nyuma."

Kwa hiyo anapomtazama Haimavati, mke wa mwanawe, macho huanzia mikononi.

Haimavati ana miaka ishirini na mitatu na mtoto mmoja wa kike. Mumewe yuko Chennai kwenye kazi za ujenzi na hutuma anachoweza. Miongoni mwa wanawake kumi na mmoja wanaosokota Dabbalapeta, ni yeye peke yake aliye chini ya miaka arobaini. Kabla ya mvua za mwaka jana alikuwa amekwisha kumpa jina lake msimamizi wa lori, akingoja nafasi.

Sanyasamma hakumkataza. Anasema asingekuwa na mdomo wa kumkataza mtu asiende kutafuta chakula cha mtoto. Alichofanya ni kuomba, na alimwomba mungu wa kike wa kijiji, ambaye kwa maneno yake, "huwa anasikia ila hafanyi haraka".

Mwezi wa Kartika, mvua zilipokwisha, akafika mgeni kutoka Hyderabad.

Jina lake Sravanti, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye duka la nguo. Aliletwa na Simhachalam, mfumaji ambaye hupokea uzi wa wanawake hawa na kuugawa kwa wenzake wenye vitanda vya kufumia. Mgeni alikishika kitambaa, akakinusa, akakiweka shavuni, akakaa nacho hivyo kwa muda. Wanawake wakampenda papo hapo.

Akaletewa chai. Akaomba radhi akasema hanywi maziwa. Wakadhani anaumwa tumbo. Akaeleza kwamba hali wala havai kitu chochote kilichotoka kwa mnyama, na duka lake lote liko hivyo: hakuna hariri, hakuna sufu, hakuna ngozi, wala kifungo cha pembe. Watu huja kwake kwa sababu hiyo. Paidamma, jirani yake Sanyasamma, ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, aliuliza kwa sauti ya chini, ila si ya chini sana, kwamba huyo binti mama yake alimlea kwa kitu gani.

Mgeni mwenyewe alicheka kuliko wote.

Hapo kila mwanamke akafanya alivyofunzwa kwao. Mgeni asiyekula samaki hawekewi samaki mbele ya macho. Tena ulikuwa Kartika, mwezi wa ibada, ambao nyumba nyingi za hapa hazipiki samaki kabisa. Samaki wakavu waliokuwa wakining'inia jikoni walishushwa. Na mataya nayo yakaondolewa. Moja likaingia kwenye mtungi wa mchele, jingine likapanda darini, la Paidamma likaenda kifuani mwake mwenyewe. La Sanyasamma likasukumwa chini ya mkeka.

Hakuna aliyepanga na hakuna aliyeona kwamba anaficha jambo.

"Mgeni akiwa anaogopa mbwa, unamfunga mbwa," Sanyasamma anaeleza. "Humwambii kwamba huna mbwa."

Sravanti alionyeshwa pamba iliyokwisha kuchanwa. Akaonyeshwa fimbo ya chuma, upinde, ganda la mgomba na gurudumu. Alijaribu kusokota, akakata uzi mara nyingi, akapigiwa makofi. Hakuuliza pamba inachanwa kwa kitu gani, na hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Kabla Kartika haijaisha alileta oda. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima kwa wanawake wote kumi na mmoja, kwa malipo ambayo yangeikaribia korosho. Haimavati alikwenda njia panda alfajiri iliyofuata akamwambia msimamizi amwondoe jina. Aliporudi alilikalia gurudumu bila kula.

Baada ya sikukuu ya mavuno, Sravanti alirudi, safari hii akiwa na simu iliyofungwa juu ya miguu mitatu ya chuma, tayari kurekodi. Sari za kwanza zilikuwa tayari. Alitaka wanunuzi wake wamwone mtu aliyesokota, wamsikie kwa sauti yake. Akamchagua Sanyasamma.

Mataya yalikuwa yameondolewa tena, kwa adabu ile ile. Sanyasamma alivaa sari aliyovaa kwenye harusi ya mwanawe, akaketi pale pale anapoketi siku zote. Kwenye haraka ya kujiandaa, taya lilisukumwa chini ya mkeka meno yakiwa juu.

Maneno aliyopewa ayaseme yalikuwa mawili tu. La kwanza: mimi ndiye niliyesokota uzi huu. La pili: hakuna kiungo cha mnyama kilichougusa.

"La kwanza lilitoka vizuri," anakumbuka. "La pili lilifika hapa." Anagusa koo. "Na meno nayo yakafika huku chini."

Sravanti akadhani ni aibu ya simu. Akamwambia mama asiogope, waanze tena. Wakaanza tena. La kwanza likatoka, la pili likakwama. Simhachalam, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kumtamkia lile la pili kwa midomo bila sauti, kama mtu anayemlisha mtoto kwa mbali. Nyuma yake walijaa wanawake. Haimavati alikuwa miongoni mwao, mtoto kiunoni.

"Mwanangu," Sanyasamma akasema, "naomba niinuke kwanza."

Akainuka, akakunja mkeka, akalitoa taya, akaliweka kwenye kiganja cha Sravanti.

"Hiki ni nini, mama?"

"Ndilo chanuo langu. Kila mtu hapa ana lake."

Sravanti aliligeuza. Hakulitupa wala hakukunja uso. Alizima simu, akaketi sakafuni.

"Mbona mara ile hamkuniambia?"

"Ulikuwa mgeni. Hunywi hata maziwa."

Akauliza kama samaki huuawa kwa ajili ya kazi hii. Sanyasamma akamweleza desturi: taya la samaki ambaye hakuliwa halitumiwi. Wanaamini uzi wake huingia vifundo. Kichwa lazima kipikwe kwanza nyumbani kwa mwenye taya, na wasokotaji wote wakile. Kinachobaki ndicho huwa chanuo.

"Lakini alikufa," alisema Sravanti.

"Alikufa," Sanyasamma akakubali.

Sravanti alilala kwa Simhachalam kama ilivyopangwa, asubuhi akaondoka na sari zilizokuwa tayari, akasema anahitaji kufikiri. Alimshukuru Sanyasamma. Shukrani hiyo, anasema mwenyewe, ilimkaa vibaya kuliko ambavyo tusi lingemkaa.

Vumbi la gari halijatua, Simhachalam alikuwa mlangoni.

"Wenzako hukalia siri miaka na miaka, shemeji," alimwambia. "Wewe umeshindwa kukalia mfupa."

Wengine walisema zaidi. Kwamba samaki mwenyewe aliliwa zamani, hana pa kwenda kushtaki. Kwamba fedha haina pua ya kunusa. Paidamma alitembea kijijini akitangaza kwamba la kwake lilikuwa kifuani na asingelitoa hata kwa polisi. Kisimani mazungumzo yalikuwa yakikatika Sanyasamma anapofika, na ndoo yake ilikuwa ikiachwa iwe ya mwisho.

Alikuwa na jibu, ila alilitoa mara moja tu, kwa Simhachalam. Alimkumbusha siku alipokwenda mjini kugombana na mfanyabiashara aliyekuwa akiuza vitambaa vya mashine kwa jina la Dabbalapeta. Uzi wa kiwandani, umefumwa kwa mtambo, halafu umebandikwa karatasi kwamba umesokotwa na mikono ya akina mama wa kijiji hiki. Simhachalam alirudi siku ile shati limechanika na mdomo umevimba, na kijiji kizima kikampokea kama bwana harusi.

"Yule tulimwita mwizi kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi," Sanyasamma alimwambia. "Nguo yake ilikuwa nguo tu, haikuwa na ubaya. Sasa na mimi niseme ya kwangu kwenye simu?"

Kwa muda mrefu baada ya hapo Simhachalam alikuwa akimtuma mkewe kuchukua uzi.

Aliyemnyima usingizi hakuwa Simhachalam. Alikuwa Haimavati. Alipika, alifua, alimpa mama mkwe wake wali uliolala kwenye maji pamoja na kitunguu na pilipili mbichi kama kila asubuhi, akakaa kwenye gurudumu. Sanyasamma anasema uzi wake wa siku hizo ulikuwa mzuri kuliko kawaida, na hilo ndilo lililomtisha.

Siku moja wakiwa wanachana, Haimavati alisema bila kusimamisha mkono, "Mama, ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza nini?"

"Wewe mikono yako imeshazeeka kwenye uzi, hakuna wa kuipeleka kiwandani. Uliyoiweka rehani siku ile ni ya kwangu."

Sanyasamma anayarudia maneno hayo kama alivyoambiwa, hapunguzi.

"Alisema kweli," anasema. "Nilipoinuka kwenye mkeka niliwaza koo langu mimi. Sikuwaza vidole vyake. Ningemwuliza, labda angenikataza. Na angenikataza sijui ningefanyaje. Kwa hiyo pengine ndiyo maana sikumwuliza."

Alimwomba radhi mkwewe, jambo ambalo mavyaa wengi wa hapa hawalifanyi. Haimavati aliitikia kwa kichwa. Wiki iliyofuata akaenda na mtoto kwa Ankamma, akaomba aonyeshwe vidole. Ankamma akavinyoosha. Akamwambia kwamba, kwa habari ya korosho, mtu huwa anazoea, na kwa habari ya uzi, mtu hazoei kuukosa.

Sravanti alipiga simu karibu na mwaka mpya wa Kitelugu, wakati maua ya mwarobaini yamejaa uwanjani. Haimavati ndiye aliyeipokea, akaiweka sauti juu. Sravanti alisema amezunguka na jambo hili mpaka mumewe amechoka kulisikia. Hawezi kuiweka nguo hii pamoja na nyingine dukani, kwa sababu ameahidi watu kwa miaka. Lakini hataki kuiacha. Ametenga kabati moja, mbali na mengine, na juu yake ameandika kwamba pamba hii huchanwa kwa taya la samaki aliyekwisha kuliwa, na asiyetaka asinunue. Wengine wamekasirika wakaondoka. Wengine wamenunua. Kwa kadiri anavyoona, ataweza kuchukua theluthi ya ile kazi aliyoahidi, na kiwango cha malipo kitabaki kile kile.

"Sijakubaliana na nyinyi kuhusu samaki," aliongeza. "Mjue."

"Tunajua, mwanangu," Sanyasamma akajibu. "Chai ya ndimu ipo."

Theluthi si mwaka mzima. Wanawake kumi na mmoja walikutana kwenye baraza la Paidamma, wakabishana mchana kutwa. Wapo waliotaka kazi wapewe wachache ili ishibishe. Mwisho walikubaliana kuigawa sawa, kila mmoja apate kidogo, iwafikishe mpaka mvua. Paidamma, aliyepiga kelele kuliko wote, ndiye aliyependekeza Haimavati aongezewe kidogo kutoka fungu lake yeye mwenyewe, halafu akakasirika aliposhukuriwa.

Simhachalam anafuma tena uzi wa Sanyasamma na huja kuuchukua mwenyewe. Bado ananung'unika. Amejichongea msemo: kila anapocheleweshwa na mtu, humwambia ainuke kwenye mkeka.

Lakini theluthi haimtoshi mtu mwenye mtoto, na lori linaendelea kupiga honi. Msimamizi wake amekwisha kumwambia Haimavati kwamba jina lake linaweza kurudishwa hata kesho. Sanyasamma anajua hilo, na safari hii ameuliza.

Haimavati alijibu kwa swali. Aliuliza kwa nini miaka yote hii yeye huchana kwa taya la marehemu bibi yake mumewe, lililoisha meno upande mmoja, wakati kila mwanamke ana lake.

Msokotaji hupewa taya lake na mama mkwe au mama yake siku anapohesabiwa kuwa msokotaji. Sanyasamma alikuwa amechelewa kulitoa, kwanza kwa sababu valuga wakubwa wamekuwa adimu mtoni, na pili, anakiri, kwa sababu alikuwa akiogopa kumpa mtu kitu cha kumfunga halafu akaenda. Haimavati naye alikuwa akingoja kuona kama kuna anayetaka abaki.

Siku hiyo hiyo walituma habari kwa Gavarayya, mchuuzi wa samaki anayepata mzigo wake kutoka mto Godavari. Alisema samaki wa siku hizi ni wadogo, mataya yao ni ya kuchania masharubu. Wamngoje. Wakamngoja.

Juzi alikuja na kichwa kimefungwa kwenye gunia lenye barafu, kikubwa kama chungu cha wali. Mwili ulikuwa umeuzwa kwa watu wa harusi. Haimavati alikipika kwa ukwaju na pilipili nyekundu. Wanawake wote walikuja na sahani zao, Ankamma naye akaja, akiingilia mlango wa mbele. Walikula mpaka kwenye mashavu ya samaki. Paidamma aliapa kwamba amekula vichwa vingi lakini hiki kina macho ya Simhachalam. Kisha Haimavati alilitoa taya, akaliosha kwa majivu, akalisugua, akalipandisha juu ya paa likauke.

Taya huchukua muda kukauka, na adui zake ni kunguru na paka.

Sanyasamma hana mipango mikubwa. Angependa mwanawe arudi kutoka Chennai, ila hasemi ni lini, kwa sababu mwana mwenyewe hasemi. Angependa mvua zikute Sravanti ameongeza kabati la pili. Pia anataka wanawake wale kumi na mmoja wawe na maneno yao wenyewe ya kuwekwa kwenye nguo, waliyoyatunga na wanayoweza kuyasema bila kukwama. Wameshaanza kuyatafuta. Hawajakubaliana, kwa sababu Paidamma anataka jina lake litangulie.

Na anataka kuona uzi wa kwanza wa taya jipya. Meno mapya huwa makali, yanakwaruza. Mwanzoni uzi hutoka una nywele. Yatahitaji msimu mzima wa mkono mmoja kuyazoea.

Asubuhi hii amemaliza fumba la kwanza. Nje honi inalia tena mara mbili, kisha mara ya tatu, ndefu, kama ya mtu anayemngoja mtu. Sanyasamma anasimamisha mkono. Anasikiliza. Juu ya paa kuna hatua, kisha sauti ya Haimavati ikimtukana kunguru, babu yake kunguru na ukoo wake wote.

Lori linaondoka. Sanyasamma anachukua fumba jingine.

"Feni bado," anapaza sauti kuelekea juu. "Ukishuka, usije ukawasha."

"Nashuka wapi, mama?" Haimavati anajibu kutoka paani. "Nikishuka wataniibia chanuo langu."